Amri Isiyojibiwa

Ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani ya kituo cha polisi. Ulikaa kwenye korido, mweupe na mzito, watu wakipita humo wanaonekana nusu nusu: bega hapa, kofia pale. Mpelelezi alipofika ofisini kwake alimkuta mjane amekwisha kaa kwenye benchi, mkoba mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kujua nani aliyefungua maji."

Ndilo neno lake hilo. Alilisema jana, alilisema juzi, alilisema hata siku aliyomzika mumewe, kwa sauti ileile, bila kuongeza wala kupunguza. Askari wa mapokezi walikuwa wameanza kumtania chinichini, wanamwita Mama Maji, mpaka mpelelezi alipowatupia jicho mara moja wakanywea. Mpelelezi yule alikuwa mwanamke mwenye jicho, nalo halikuhitaji cheo.

"Nihadithie tena," alisema, akaketi karibu naye.

"Si nilikwisha kukuhadithia?"

"Ulinihadithia. Leo nihadithie kana kwamba hatujuani."

Mjane akavuta pumzi. Mumewe alikuwa fundi wa mabomba kwenye bwawa linalonywesha mji mzima. Siku ile alikuwa ameshuka ndani ya chumba cha chujio, shimo la zege lililo chini kidogo ya lango la bwawa, anazoa tope.

"Nilimpelekea chakula. Nikamwita pale mdomoni mwa shimo, akasema anamalizia, nimsubiri. Mvua ikaanza, manyunyu tu. Akanisikia nakohoa. Akasema, 'Wewe, chukua hilo bati ujifunike, usije ukapata homa bure.' Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu. Jifunike. Nikajifunika, nikakaa. Halafu lango likaguna."

"Likaguna vipi?"

"Kama mtu mzito anayeamka usingizini. Maji yakaja. Niliita mpaka sauti ikakauka."

Mpelelezi aliandika *lango likaguna*, akapigia mstari. Mengine alikwisha kuyasikia.

"Na binti?"

"Mtoto wa wifi yangu yule. Mama yake alikufa mapema, nimemlea mimi tangu hajui kufunga kamba za viatu. Mjomba wake, huyu marehemu wangu, ndiye aliyemtafutia kazi kule kwenye mitambo. Lakini walikuwa hawasemezani. Mambo ya mchumba. Mjomba mtu hakumtaka yule kijana." Akaukunja ukingo wa mkoba, akaukunjua. "Ukinionyesha kuwa ni yeye, nitamlaani. Ukinionyesha kuwa si yeye, nitamwomba radhi kwa magoti. Lakini hivi nilivyo, mwanangu, siwezi hata kulia vizuri. Machozi yanafika hapa, yanarudi."

Binti alikuwa mahabusu, vyumba vitatu kutoka kwenye benchi hilo. Kesho asubuhi angepelekwa kwa hakimu kwa kosa la kumuua mjomba wake. Mkuu wa kituo alikuwa amesema shauri limekwisha. Mitambo yenyewe imeandika.

*

"Umekula?"

"Hapana, afande."

"Kula kwanza. Njaa haijawahi kumsaidia mtu kukumbuka."

Binti alimega mkate, akautafuna bila hamu. Miguuni alikuwa na raba zisizo na kamba, maana mahabusu huingii na kamba wala mkanda.

"Kompyuta inasema amri ya kufungua lango ilitoka chumba chenu, ikapokelewa langoni alasiri," mpelelezi alianza. "Alasiri chumbani alikuwepo nani?"

"Mimi peke yangu."

"Basi?"

"Basi sikubonyeza."

"Lakini ulibonyeza kufunga."

"Nilirudi na chai yangu nikaona kwenye kioo cha kompyuta lango liko wazi. Nikalifunga. Mtu yeyote angelifunga."

"Wanasema ulifunga ili ufiche."

"Nifiche maji, afande? Yanafichika?"

Mpelelezi karibu acheke. Aliweka kalamu chini. Dirishani hakukuonekana kitu, weupe tu, na sauti ya mtu asiyeonekana akifagia uwanja.

"Acha lango. Nieleze chumba. Ulipoingia zamu uliona nini? Hata cha kipuuzi."

Binti alifumba macho. Alikaa hivyo kitambo, uso umelegea kama wa mtu anayesikiliza wimbo wa mbali.

"Taa," alisema. "Ile modemu ya redio, kisanduku kinachopeleka amri langoni, ina taa ndogo ya kijani. Ilikuwa inakonyeza. Ilikonyeza tangu nilipokaa. Ikanikera nikaipa mgongo. Niliporudi na chai imetulia. Nikashukuru."

"Siku nyingine haikonyezi?"

"Ukituma kitu inakonyeza mara moja, mbili, basi. Inatulia."

"Na wewe ulikuwa umetuma nini?"

Macho yakafunguka. "Sikuwa nimetuma kitu."

Mpelelezi akaichukua tena kalamu. Huko nje fagio likaacha.

"Mbona hukuwaambia wenzangu habari hizi?"

"Waliniuliza habari za mchumba wangu. Kila anayeingia humu anauliza mchumba."

Mpelelezi alisimama. Alikuwa mlangoni binti alipomwita.

"Afande, mama anakula? Mke wa mjomba. Mimi namwita mama."

"Anakuja hapa kila siku."

"Kuniona mimi?"

Mpelelezi hakuwa mtu wa kudanganya mahabusu. "Hapana," alisema. Alimwona binti anarudisha mkate kwenye sahani, na roho ikamuuma.

*

Chumba cha mitambo kilikuwa juu ya kilima nje ya mji, chumba cha joto chenye feni inayolalamika na kioo kikubwa chenye mistari ya rangi. Mzee wa zamu ya asubuhi alikuwa kitini. Pembeni, fundi wa redio, mtu mnene mwenye miwani, alikuwa amefungua redio ya mtu binafsi na kutandaza matumbo yake juu ya meza ya serikali.

Mpelelezi alikwenda moja kwa moja kwa mzee.

"Mzee, watu walikusikia unamwambia marehemu kwamba siku moja maji yatamwosha."

"Nilimwambia."

"Kwa nini?"

"Alikuwa haogi, afande. Anatoka kwenye mabomba na tope lake lote, anakuja kukalia kiti changu hiki." Mzee akakipapasa kiti. "Sasa natamani aje akikalie na tope lake."

"Asubuhi ile ulituma nini langoni?"

"Amri ya kufungua, tujaze bomba kuu. Ndiyo kazi ya kila asubuhi. Lango halikujibu. Nikangoja, kimya. Nikampigia marehemu simu nikamwambia lango limekufa, kalitazame."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Kama limekufa, basi na mimi nishuke kwenye chujio nizoe tope, nafasi kama hii haipatikani.'"

"Na ile amri?"

"Amri gani?"

"Uliyotuma."

"Si haikujibiwa? Ikafa."

"Uliifuta?"

"Sasa kitu kimekufa, afande, unakifuta cha nini?"

Bisibisi iligonga meza. Fundi wa redio alikuwa ameacha kazi yake, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Haifi," alisema polepole.

Mpelelezi akavuta kigoda, akaketi mbele yake. "Nieleze kama unamweleza bibi yako."

Fundi alivua miwani. "Redio si waya. Huko hewani kuna kila balaa: mvua, radi, mashine za watu zinapiga kelele. Ujumbe unaweza kutoka hapa mzima ukafika kule umekatika. Kwa hiyo modemu inaufunga kwenye pakiti, inaipa pakiti namba, inaituma, kisha inatega sikio. Kule langoni kuna modemu mwenzake. Ikipata pakiti nzima inajibu, nimepokea. Jibu lisipokuja, hii ya hapa inatuma tena. Pakiti ileile, namba ileile."

"Mara ngapi?"

"Zamani ilikuwa inapiga hodi mara tatu kama mgeni mstaarabu. Isipojibiwa inaondoka, kioo kinaandika imeshindikana. Lakini mvua za mwaka jana tulipoteza amri nyingi mno. Mji ulikuwa unakauka mabomba huku bwawa limejaa, na simu za kutukanwa haziishi. Nikaipanga upya."

"Ukaipangaje?"

"Isitoke mlangoni mpaka ifunguliwe."

Feni ililalamika. Mzee wa zamu alikuwa anaitazama taa ndogo ya kijani, iliyotulia tuli.

"Hakuniambia," mzee alisema.

"Nilikwambia nimeirekebisha."

"Ulisema imepona. Hukusema imekuwa king'ang'anizi."

"Ngojeni," mpelelezi alisema. "Amri moja ikirudiwa hivyo, lango halitafunguka mara mia?"

"Ndiyo kazi ya namba," fundi alijibu, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu anayejitetea mbele ya Mungu. "Lango likishatii pakiti, nakala nyingine zenye namba hiyo linazitupa. Kurudia hakuna madhara. Niliwaza yote, afande."

"Uliwaza mtu aliye ndani ya shimo?"

Fundi alifuta miwani yake kwa shati, akaifuta tena.

"Na kompyuta iliandika alasiri kwa sababu gani?"

"Inaandika saa amri ilipopokelewa. Sisi tulitaka kujua maji yametoka lini. Hodi ilianza lini, nani alijali?"

Hapo ndipo mlango wa mahabusu ulipoanza kulegea bawaba. Taa iliyomkera binti ilikuwa amri ya mzee, iliyotumwa asubuhi, inagonga na kugonga, saa zote zile, zamu ya mzee ikaisha, akavaa koti lake akaondoka, nayo inagonga.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," mzee alisema, si kwa mtu yeyote.

Lakini mpelelezi alikuwa bado na swali. "Asubuhi lango halisikii. Alasiri linasikia. Katikati hapo kitu gani kilitokea? Ukungu uliondoka?"

"Ukungu hauzibi kiasi hicho. Katika hodi nyingi namna ile, moja ingepenya." Fundi alifikiri. "Kitu cha chuma. Kimesimama mbele ya antena, karibu kabisa. Halafu kikaondoka."

"Vaa koti lako," mpelelezi alimwambia. "Mzee, wewe baki hapa na simu."

*

Bwawani hapakuwa na bwawa. Palikuwa na weupe tu, na chini ya weupe sauti ya maji yanayojigeuza. Walitembea juu ya ukuta wa zege, fundi mbele, na kila alipotangulia hatua chache alitoweka, ikabaki sauti yake inayomwonya mwenzake kuhusu utelezi. Mpelelezi aliona kama anatembea ndani ya kichwa cha mtu aliyelala.

Kisanduku cha lango kilitokeza ghafla. Kilikuwa cha bati la kijivu, kifuniko kimepasuka na kufungwa waya. Antena ilikuwa juu ya nguzo fupi, haimfikii mtu begani.

"Mbona chini hivi?"

"Mlingoti mrefu uliangushwa na upepo. Hii ni ya muda."

"Na kifuniko?"

Fundi alikohoa. "Marehemu alisema kinaingiza maji. Jioni ya kuamkia siku ile akaniambia atakikinga kwa kitu mpaka nilete kingine. Sikuwa nimeleta."

Mpelelezi alichuchumaa. Kwenye nguzo, upande unaotazama kilima cha mitambo, kulikuwa na mstari wa kutu, umenyooka. Chini yake majani yalikuwa yamelala, yamepondeka, kwa upana wa kitu kilichokuwa kimeegemea hapo. Alipapasa kutu kwa kidole. Kisha akainuka na kwenda kwenye shimo la chujio, hatua chache tu kutoka hapo.

Mdomoni mwa shimo, kwenye nyasi, palikuwa na bati. Bati la kawaida la kuezekea, lenye kutu ukingoni. Polisi walipiga picha ya mkebe wa chakula uliokutwa pale, wakapiga picha ya pini ya usalama, ile ya kulizuia lango kwa mkono, iliyokutwa bado imetundikwa kwenye msumari wake. Marehemu hakuichomeka, kwani lango lililokufa linachomekwa pini ya nini? Bati halikupigwa picha. Nani anapiga picha bati?

Alilitazama muda mrefu.

"Chomeka pini," alisema mwishowe. "Kisha mpigie mzee. Asitume amri. Aulize lango hali yake tu."

Pini ilipokaa, mpelelezi alilinyanyua bati mwenyewe, akaliegemeza kwenye nguzo palepale penye mstari wa kutu, ukingo wake wa juu ukafunika antena. Likakaa kama lililozoea. Simu ya fundi iliwekwa sauti ya wazi.

"Nimetuma," mzee alisema kutoka kilimani. "Inakonyeza."

Wakangoja.

"Bado?"

"Bado inakonyeza."

Hakuna kilichosikika isipokuwa maji. Mpelelezi alikuwa amelishika bati kwa mikono miwili, na mikono haikuhisi kitu. Mahali fulani ndani ya ule weupe swali la mzee lilikuwa linakuja, linafika kwenye bati, linaanguka majanini, na jingine linakuja nyuma yake, lilelile, halijachoka. Alingoja kuliko ilivyohitajika. Ukweli ni kwamba hakutaka kuliondoa.

"Afande?" fundi aliita.

Alilinyanyua bati. Akaliweka juu ya kichwa chake, kama mtu anayekimbia manyunyu, akatembea nalo mpaka mdomoni mwa shimo, akaketi. Kisanduku kikatoa mlio mdogo, tik.

"Imetulia," mzee alisema. "Lango limejibu."

Fundi alitabasamu, mtu aliyeona kazi yake imefanya kazi. Tabasamu likakauka. "Kwa hiyo aliyeliondoa bati siku ile..." Akamtazama mpelelezi aliyeketi pale na bati kichwani. "Nani aliliondoa?"

"Twende," mpelelezi alisema.

Ndani ya gari fundi alishindwa kuvumilia. "Kwani lazima umwambie? Andika kizuizi kiliondolewa, basi. Binti anatoka, na mama wa watu anabaki na msiba mmoja."

"Ataniuliza kesho."

"Mdanganye."

"Ataniuliza na keshokutwa. Nikimwambia ni mitambo, atauliza nani aliiamsha mitambo. Na asipojua, hawezi kumtazama yule mtoto usoni. Nimewaona wengi wa namna hiyo." Aliwasha taa za gari, zikaangaza ukungu tu. "Wewe ndiye uliyeifundisha mashine isikate tamaa. Yule mama hakufundishwa na mtu."



*

Mkuu wa kituo alisoma maelezo mara mbili, akataka kuona mchoro, akampigia mzee na fundi simu wathibitishe, akanung'unika kwamba mambo ya redio ni uchawi wenye kitabu. Kisha akatia sahihi. Binti aachiwe leo.

Mjane alikuwa bado kwenye benchi.

"Nataka kujua nani aliyefungua maji."

Mpelelezi alikaa karibu yake mpaka mabega yakagusana, akamweleza. Mzee alibonyeza asubuhi, kama kila asubuhi. Amri haikufika kwa sababu ya bati. Bati aliliweka marehemu mwenyewe, kukinga kisanduku na mvua. Mashine ikaendelea kuita saa zote zile na hakuna aliyejua kuwa inaita. Marehemu akashuka shimoni kwa sababu lango limekufa. Mvua ikaanza.

"Bati," mjane alisema.

"Ndiyo, mama."

"Aliniambia nijifunike."

"Alikusikia unakohoa."

Mjane aliangalia mikono yake. "Kwa hiyo ni mimi."

"Hukujua. Na yeye hakujua. Angejua asingekutuma."

"Sema tena."

Mpelelezi alisema tena, tangu mwanzo. Kitufe, bati, kuita, shimo, manyunyu.

"Sema tena."

Akasema tena. Askari wa mapokezi waliacha kuandika. Kila mara alianza palepale na kuishia palepale, hakuongeza neno la kumpoza wala hakupunguza, na kila mara uso wa mjane ulikuwa kama dirisha lisilo na mtu. Mpelelezi alikuwa anafungua mdomo aanze tena mkono wa mjane ulipokuja na kutua juu ya goti lake.

"Basi," mjane alisema. "Nimesikia."

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, bila kujifuta, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mlango wa ndani ulifunguka. Binti alitokea kwenye ukungu wa korido akiburuta raba zake zilizolegea, kamba zake ziko mkononi, amerudishiwa sasa hivi na hajui pa kuanzia. Akamwona aliyeketi kwenye benchi, akasimama.

Mjane aliinuka. Akaenda mpaka mbele yake, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akamnyang'anya kamba taratibu, akaanza kumfunga viatu.